Gia za Wazee

Tarehe 21 Julai 1910, washindani wa Tour de France waliondoka Luchon, mji mdogo ulio chini ya milima ya Pyrenees, kabla hakujapambazuka. Mbele yao kulikuwa na kilomita 326 hadi Bayonne, na njiani walisubiriwa na milima ambayo mashindano hayo hayakuwahi kuivuka: Peyresourde, Aspin, Tourmalet na Aubisque. Octave Lapize, ambaye angeshinda siku hiyo na baadaye kulitwaa taji la mwaka mzima, alipanda Tourmalet kwa zamu. Kipande aliendesha, kipande alishuka na kuisukuma baiskeli yake kama mtu yeyote anayerudi na mzigo kutoka gulioni. Huko Aubisque aliwafokea waandaaji akawaita wauaji. Gustave Garrigou alifika juu ya Tourmalet bila kuweka mguu chini, na kwa tendo hilo akazawadiwa faranga 100.

Miaka minane kabla ya hapo, mwanamke alikuwa amekwishaupanda mlima huohuo bila kushuka kwenye kiti.

Jina lake lilikuwa Marthe Hesse, mwenyeji wa Saint-Étienne. Mwaka 1902 alishiriki majaribio ya baiskeli yaliyoandaliwa huko Pyrenees na Touring Club de France, chama cha wasafiri kilichoanzishwa mwaka 1890. Taarifa za wakati ule zilimsifu kwamba hakukanyaga ardhi njia nzima. Si kwamba alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko ya Lapize. Baiskeli yake, aina ya Gauloise, ilikuwa na gia tatu, na ya Lapize ilikuwa ya mashindano ya siku zile, isiyo na kifaa cha kubadilisha gia.

Historia ya baiskeli husimuliwa zaidi kupitia mabingwa: nani alishinda, kwa saa ngapi, akiwa juu ya chuma cha kampuni gani. Kwa habari ya gia, simulizi hiyo inakwenda kinyume na mambo yalivyotokea. Aliyezidai, akazijaribu na kuzitetea kwa zaidi ya miaka 30 ni msafiri wa kawaida, yule anayetoka nyumbani alfajiri peke yake, koti na mkate vimefungwa kwenye keria, akitaka kuvuka milima na kufika anakokwenda angali na hamu ya kuendelea. Wakuu wa mashindano wakati huo walikuwa wakizipiga vita. Na mji ambamo ubishi huo ulipamba moto ni Saint-Étienne.

Saint-Étienne, kusini-magharibi mwa Lyon, ulikuwa mji wa makaa ya mawe, bunduki na riboni za hariri. Reli ya kwanza ya Ufaransa ilianza kazi hapo mwaka 1827, ikibeba makaa kuelekea mto Loire. Viwanda vya silaha vilikuwa vimelea vizazi vya mafundi wanaojua kutoboa mtutu, kuunganisha mabomba ya chuma na kuchonga vipande vidogo kwa kipimo kisichokosea. Baiskeli ilipokuja, mikono ya kuitengeneza ilikuwepo tayari. Mji huo hujivunia ndugu wa ukoo wa Gauthier, wanaohesabiwa kuwa walitengeneza baiskeli ya kwanza ya kisasa ya Kifaransa mwaka 1886. Étienne Mimard na Pierre Blachon nao walijenga kampuni iliyouza bunduki na baiskeli kwa katalogi nchi nzima. Baiskeli zao ziliitwa Hirondelle, yaani mbayuwayu.

Mji umezungukwa na milima. Upande wa kusini-mashariki umesimama mlima Pilat, na barabara ya kusini kuelekea bonde la mto Rhône hupita mgongoni mwake. Inapita kijiji cha Planfoy, inaingia msitu wa misonobari na kuuvuka mgongo huo kwenye mwinuko wa mita 1,161, mahali panapoitwa Col de la République, au Grand Bois kwa jina la msitu wenyewe. Kutoka katikati ya mji hadi hapo juu ni kupanda takriban mita 600. Kwa mkazi wa Saint-Étienne aliyenunua baiskeli mwishoni mwa karne ya 19, mtihani ulianza kabla hajazimaliza nyumba za mwisho za mji.

Paul de Vivie alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1853 huko Pernes, katika jimbo la Vaucluse, mahali ambapo mlima Ventoux unaonekana kutoka shambani. Alisoma Kigiriki na Kilatini, akaingia biashara ya hariri, akaoa, akapata watoto. Baiskeli yake ya kwanza aliinunua karibu na umri wa miaka 30. Ilikuwa ile ya zamani yenye gurudumu kubwa la mbele na dogo la nyuma, ambayo mpandaji wake hukaa juu sana na akikutana na jiwe huangukia kichwa. Aliipeleka milimani hadi La Chaise-Dieu, mji wa abasia kongwe uliopo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Tangu hapo hariri ikaanza kumchosha. Mwaka 1887 alianzisha gazeti, Le Cycliste Forézien, baadaye Le Cycliste tu, akafungua na duka la baiskeli zilizoagizwa kutoka Coventry, Uingereza. Makala zake alizitia sahihi kwa jina la Vélocio, na hilo ndilo lililobaki midomoni mwa watu.

Alianza wakati mzuri. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alikuwa ametoa Rover, baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop wa Belfast alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo, na mwaka 1891 ndugu wa Michelin wakatoa tairi linaloweza kuvuliwa na kuzibwa pancha njiani. Mwaka huohuo Charles Terront alilitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi, takriban kilomita 1,200, kwa saa 71 na dakika 22. Kwenye tambarare, baiskeli ilikuwa imekamilika.

Milimani ilikuwa bado nusu. Baiskeli nyingi za miaka ile hazikuwa na friwili: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake. Kwenye mteremko msafiri alinyanyua miguu na kuiweka kwenye vyuma vya pembeni, akaziacha pedali zijizungushie. Breki ilikuwa kipande cha chuma kilichokandamiza tairi la mbele, na kwenye mteremko mrefu haikuaminika. Wasafiri waliovuka Alps walikuwa na dawa yao: walikata matawi kwenye kivuko cha mlima, wakayafunga kwa kamba nyuma ya baiskeli na kuteremka wakiyaburuta, vumbi likifuka nyuma yao hadi bondeni.

Kupanda ndiko kulikokuwa na tatizo gumu zaidi, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua baiskeli ambayo kila pedali ikizunguka mara moja inasogea mita 5.5, kipimo kinachofaa tambarare. Mtu akizungusha mara moja kwa sekunde, anakwenda karibu kilomita 20 kwa saa. Kwenye mlima wa asilimia 5 mwendo huo unahitaji nguvu ambayo watu wengi hawawezi kuihimili hata robo saa. Akijaribu kupunguza mwendo, pedali zinakuwa nzito, magoti yanalia, baiskeli inayumba, na mwishowe anashuka. Ipunguze gia hadi mita 2.75 kwa mzunguko: miguu inazunguka kwa kasi ileile, baiskeli inakwenda kilomita 10 kwa saa, na mtu wa kawaida anaweza kuongea huku akipanda. Msomaji aliyewahi kutoka Mombo kwenda Lushoto na baiskeli ya Phoenix yenye mzigo haihitaji hesabu hii. Anaijua kwa mabega, kwa sababu Phoenix ile ina gia moja kama zile za 1890, na kwenye barabara hiyo ya milima ya Usambara huisukuma mwenyewe kwa mikono.

Ubaya ni kwamba gia nyepesi ya mlimani haifai bondeni, ambako miguu huzunguka ovyo na baiskeli haisogei. Vélocio alitoa baiskeli yake mwenyewe, La Gauloise, mwaka 1889, nayo ikiwa na gia moja tu. Inasimuliwa kwamba siku moja alipokuwa akihema kuipanda barabara ya Grand Bois, mmoja wa wasomaji wake alimpita polepole huku akivuta kiko. Msomaji huyo alikuwa na gia ndogo. Iwe ilikuwa hivyohivyo au simulizi imeongezewa chumvi, swali lililobaki kichwani mwa mwenye duka ni hilo: utawezaje kuwa na gia ya kiko na gia ya bondeni kwenye baiskeli moja?

Jibu lake la kwanza lilikuwa la kifundi tu. Alifunga mbele magurudumu mawili ya meno yenye ukubwa tofauti. Akifika chini ya mlima anashuka, anauhamisha mnyororo kwa vidole, anapanda tena. Kisha akafunga mawili mengine upande wa pili wa baiskeli, pamoja na mnyororo wake, akapata gia nne. Uingereza kulikuwa na baiskeli iitwayo Whippet, iliyobadilisha gia bila mtu kushuka, naye akaichunguza. Nottingham nako, mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Sturmey-Archer ikaficha gia tatu ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mafundi wa Saint-Étienne walishikilia njia ya mnyororo unaohama. Mmoja wao, Joanny Panel, alikuwa akiuza kabla ya vita vya 1914 kifaa kilichousukuma mnyororo kutoka meno haya hadi yale huku msafiri akiendelea kukanyaga. Alikiita Le Chemineau, jina la mtu anayezurura barabarani.

Kila kifaa kilijaribiwa na watu wa kundi la Vélocio, na uwanja wao wa majaribio ulikuwa safari ya siku moja. Siku yenyewe ilikuwa ndefu. Walioelekea kusini waliondoka mjini usiku ili Grand Bois wauvuke kungali na ubaridi. Upande wa pili barabara inateremka hadi Bourg-Argental, inapita Annonay, mji wa akina Montgolfier waliorusha puto la hewa moto mwaka 1783, kisha inaufikia mto Rhône. Ndani ya saa chache msafiri ametoka kwenye misonobari akaingia kwenye mizabibu na miti ya matunda. Kutoka hapo bonde linamchukua kusini, Valence, Montélimar, hadi mahali mizeituni inapoanza. Upepo wa mistral, unaoshuka bondeni kutoka kaskazini, ukiwa umeamka humsukuma mgongoni kama mzigo umepungua. Kurudi ni habari nyingine: upepo huohuo humpiga usoni kutwa nzima, na mwisho wa safari bado kuna mlima wa kupanda. Umbali wa kilomita 200 kwa siku ulikuwa jambo la kawaida kwao. Vélocio mwenyewe alikuwa na safari za usiku na mchana mfululizo, na wakati wa Pasaka alikuwa na desturi ya kuwaongoza wenzake kwenda Provence, kwenye nchi aliyozaliwa.

Alisafiri hivyo akiwa mtu wa makamo, kisha mzee, na alitaka kujua kwa nini mwili unaweza. Hakula nyama, hakugusa tumbaku. Aliandika kila alichokula na namna kilivyomkaa. Kutokana na hayo zikatoka kanuni saba ambazo wasafiri wa Kifaransa bado huzitaja. Kwa muhtasari zinasema: pumzika mara chache na kwa muda mfupi, mwili usipoe, kula kidogokidogo kabla njaa haijauma, kunywa kabla kiu haijashika, usijichoshe hadi hamu ya chakula na usingizi ipotee, vaa koti kabla baridi haijaingia na ulivue kabla jasho halijatoka, acha divai, nyama na sigara, angalau siku ya safari, saa za kwanza usitumie nguvu zote hata kama miguu inakuchochea. Ya saba inakataza kukanyaga pedali kwa sababu ya majivuno.

Hiyo ya mwisho ilikuwa na mtu wake. Henri Desgrange, karani wa mwanasheria aliyegeuka mwendesha baiskeli, aliweka mwaka 1893 rekodi ya kwanza ya saa moja kwa kuzunguka uwanja wa Buffalo huko Paris kilomita 35.325. Mwaka 1902 alikuwa mhariri wa gazeti la michezo la L'Auto-Vélo, na mwaka uliofuata gazeti hilo, likiwa limefupishwa jina kuwa L'Auto, lilianzisha Tour de France ili liuze nakala. Desgrange aliyapongeza majaribio ya Pyrenees, kisha akatoa hukumu yake. Kwa maoni yake gia za kubadilisha ziliwafaa watu waliovuka miaka 45. Kijana alipaswa kushinda kwa misuli, si kwa ujanja wa vyuma. Majaribio yale, alidhihaki, yangewanufaisha akina babu na bibi. Desgrange mwenyewe alikuwa na miaka 37, Vélocio 49.

Dhihaka ilimgusa pia Marthe Hesse, ingawa kwa namna nyingine. Wanawake wa Paris wa siku zile walikuwa bado chini ya amri ya polisi ya mwaka 1800 iliyowakataza kuvaa suruali bila kibali. Amri hiyo ililegezwa mwaka 1892 na tena 1909: mwanamke aliruhusiwa suruali iwapo mkononi ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Haikufutwa kabisa; serikali ilitamka rasmi kuwa haina nguvu mwaka 2013. Katika nchi yenye amri kama hiyo, habari ya mwanamke aliyepanda mlima ambako wanaume walisukuma haikuwa habari ya gia peke yake, na kuwaita wanaotumia gia dhaifu kulikuwa na maana iliyoeleweka bila kufafanuliwa.

Tour de France iliipitia Grand Bois tangu mwaka wake wa kwanza, 1903. Mwaka 1904 mahali hapo palitokea aibu. Mashabiki wa Faure, kijana wa Saint-Étienne, walijificha gizani wakamwacha mtu wao apite, kisha wakawavamia wapinzani wake kwa fimbo, hadi risasi zilipofyatuliwa hewani ndipo wakatawanyika. Barabara ileile aliyoipenda Vélocio kwa ukimya wake ilikuwa imegeuka uwanja wa ugomvi.

Hata hivyo mashindano na safari vilikuwa na jambo moja la pamoja: kujitegemea. Sheria za Desgrange zilimtaka mshindani arekebishe baiskeli yake mwenyewe. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa mbele akiteremka Tourmalet. Akaibeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi na kuufua uma mpya kwa mikono yake huku wasimamizi wakimtazama. Mvulana mmoja alimpulizia mivukuto, na kwa msaada huo Christophe akaadhibiwa. Msafiri wa Grand Bois angeielewa ile shida vizuri sana, kwani naye alibeba spana, gundi na viraka kwa kujua kwamba fundi wa karibu yuko bonde jingine. Asingeielewa ile adhabu.

Kuhusu gia, Desgrange hakulegea. Washindani wake walitumia ujanja mdogo uliokubalika: gurudumu la nyuma lilikuwa na meno pande zote mbili, makubwa upande mmoja, madogo upande wa pili. Chini ya mlima kila mtu alishuka, akafungua nati za masikio, akageuza gurudumu, akafunga tena. Juu ya mlima akarudia. Inasemekana mwaka 1927 Mwitaliano Tullio Campagnolo alishindwa kufungua nati hizo kwenye kivuko cha Croce d'Aune kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimeganda kwa baridi. Mwaka 1930 alipata hataza ya ekseli inayofunguka kwa wenzo mmoja, na kampuni yake ikakua kutokana na kifaa hicho, ambacho hadi leo kimo kwenye baiskeli nyingi duniani. Ilikuwa dawa safi ya ugonjwa ambao wasafiri hawakuwa nao tena: wao walikuwa wakibadilisha gia bila hata kushuka.

Vélocio aliona nusu tu ya ushindi wake. Mwaka 1922 wafuasi wake walianza kumwandalia siku maalumu, Journée Vélocio, ambapo watu wa kila umri hupanda pamoja kutoka Saint-Étienne hadi Grand Bois. Mwaka uliofuata vyama vya safari za baiskeli viliungana kuwa shirikisho la kitaifa, mbali na shirikisho la mashindano. Le Cycliste liliendelea kutoka, likijaa barua za wasomaji wanaobishana kuhusu urefu wa pedali, upana wa matairi na faida za wali dhidi ya mkate. Tarehe 27 Februari 1930, akiwa na miaka 76, Vélocio alikuwa akivuka barabara mjini kwake kwa miguu, ameshika baiskeli mkononi. Alirudi nyuma kulikwepa gari, akagongwa na tramu. Mtu aliyeteremka usiku barabara zote za Pilat aliuawa na msongamano wa mji.

Mwaka 1936 Desgrange, akiwa mgonjwa, aliuacha usukani wa Tour kwa Jacques Goddet. Mwaka 1937 gia za kubadilisha ziliruhusiwa, na Roger Lapébie akashinda mwaka huohuo akizitumia. Ilikuwa imepita miaka 35 tangu Marthe Hesse apande Tourmalet.

Wakati huo safari ya baiskeli ilikuwa imewafikia watu ambao Vélocio hakuwahi kuwaandikia. Juni 1936 serikali ya mrengo wa kushoto ya Léon Blum ilipitisha sheria ya likizo ya majuma mawili yenye malipo. Vijana wa viwandani, ambao gari kwao lilikuwa ndoto, walifunga mahema kwenye keria wakaelekea baharini na milimani. Baiskeli za watu wawili zilionekana kila barabara, na hosteli za vijana zikajaa. Walikuta njia imetandikwa. Touring Club ilikuwa imeweka vibao vya kuonya juu ya miteremko na kona kali, na Michelin walikuwa wamechora ramani za nchi nzima kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 2, mishale midogo ikionyesha mahali pa kupanda.

Mafundi wa Paris, kama René Herse na Alex Singer, walichukua mawazo ya Saint-Étienne wakayasafisha. Baiskeli zao za miaka ya 1940 na 1950 zilikuwa na gia nyingi, matairi mapana yasiyo mazito, madigadi ya alumini, taa zinazowashwa na dinamo na keria ya mbele ya kubebea mkoba. Kila kitu kilipimwa kwa mtu atakayekaa juu yake kutwa na kucha, na katika majaribio ya kiufundi mashine zilihukumiwa kwa uzito na uimara kwenye barabara mbaya za milimani. Watozaji wa leo huzinunua kwa bei ya juu, na mafundi wa Japani na Marekani bado wanaziiga.

Tangu miaka ya 1980, gia nyepesi zilienea kwa njia nyingine: baiskeli za mlimani kutoka California zikiwa na vifaa vya kampuni za Kijapani, Shimano na SunTour. Katika karne hii mashindano yenyewe yamefuata. Mshindani anayepanda miinuko mikali leo huwa na meno 34 nyuma na pengine idadi iyo hiyo mbele, yaani pedali ikizunguka mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja, mita 2.1 hivi. Ni gia nyepesi kuliko ile ya mita 2.75 ya hesabu yetu. Makocha huwahimiza vijana wenye nguvu wazungushe miguu haraka na kuyahurumia magoti, na waendeshaji hula kidogo kila baada ya dakika chache kabla njaa haijauma.

Huko Ufaransa, wanaosafiri peke yao milimani wana chama chao, Club des Cent Cols, kilichoanzishwa mwaka 1972. Anayetaka kujiunga hutuma orodha ya vivuko 100 vya milima alivyovuka kwa baiskeli, vitano kati yake viwe vya mita 2,000 au zaidi. Hakuna saa inayopimwa wala msimamizi barabarani. Orodha hukubaliwa kwa neno la mwenye nayo. Mtu anaweza kuikamilisha kwa likizo mbili au kwa miaka 40, na gia anayotumia hakuna anayemuuliza.